Kitanzi Kikiponyoka: Namna ya Kuiokoa Shali ya Kimia

Uso wa Ziwa Kivu uko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo sababu pale Nengo, mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, hata siku ya jua kali mtoto huhitaji kufunikwa jua lizamapo. Wenyeji hawajasahau tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka upande wa Kongo, na matetemeko ya ardhi yakaendelea kwa siku kadhaa hata watu wengi wakalala nje. Katika usiku wa namna hiyo shali ya mtoto huwa si pambo.

Shali ya kimia, ijapokuwa ina matundu, hutia joto, kwani hewa hunaswa katikati ya nyuzi za sufu. Wanawake wa visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland, wamesifika kwa kufuma shali nyembamba hata ikapita ndani ya pete ya ndoa. Lakini wembamba huo una hatari yake. Tumfikirie mama wa askari, mumewe yuko zamu, naye anamfumia mtoto atakayezaliwa. Amekwisha fanya kazi ya majuma matano. Mlango unabishwa, anainuka, sindano inachomoka, na kitanzi kimoja kinaanza kushuka safu baada ya safu. Je, afumue yote? La, asifumue.

Jambo la kwanza ni kutulia. Usiivute kazi wala kuikunja. Ilaze mezani penye mwanga, juu ya kitambaa chenye rangi iliyo mbali na rangi ya uzi. Kisha kinase kitanzi kwa pini ya nepi, au pitisha kipande cha uzi ndani yake. Sufu hushikamana, kwa hiyo hukupa nafasi. Pamba na hariri huteleza upesi.

Jambo la pili ni kutambua kilichoanguka. Juu ya kitanzi utaona nyuzi zilizolala kama vidato vya ngazi. Kila kidato ni safu moja. Ikiwa ni sehemu isiyo na matundu, chukua sindano ya krosheti, iingize ndani ya kitanzi kutoka mbele, kamata kidato cha chini kabisa, ukivute kipite ndani ya kitanzi. Panda hivyo hivyo mpaka juu, bila kuruka kidato hata kimoja. Unapokirudisha kitanzi kwenye sindano, angalia kisijipinde: mguu wake wa kulia ukae mbele ya sindano.

Jambo la tatu ni tundu lililosahauliwa. Tundu la kimia huzaliwa kwa kuzungusha uzi kwenye sindano. Kama hukuuzungusha katika safu iliyopita, inua kwa ncha ya sindano ule uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, ukaufume kama kitanzi. Tundu litabana kidogo, lakini litalegea shali ikioshwa na kutandazwa.

Kazi huwa ngumu zaidi pale vitanzi viwili vilivyofumwa pamoja vinapoachana. Hapo funga vitanzi vya pande zote mbili, fumua sehemu ya ua hilo moja tu mpaka kwenye safu nzima, kisha ifume upya kwa sindano mbili fupi, kila kidato kwa safu yake, huku ukifuata kielelezo. Na ukikigundua kitanzi wakati shali imekwisha malizika, kishonee kwa nyuma kwa uzi wa rangi ile ile. Alama ndogo itabaki, lakini shali itadumu.

Lililo bora kuliko yote ni kujikinga. Kila umalizapo ua, au kila baada ya safu 10, chagua safu isiyo na matundu. Tunga uzi laini wa pamba katika sindano butu, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano ya kufumia, ukiacha sentimita 20 kila upande. Baadaye kukitokea ajali, chomoa sindano, fumua hadi kwenye uzi huo, nao utavishika vitanzi vyote vikikungoja. Uondoe kazi ikiisha.

Tena, hesabu vitanzi kama askari wanavyohesabiwa kwenye gwaride. Katika maua mengi, kila tundu lina vitanzi viwili vilivyofumwa pamoja ili kulifidia. Hivyo idadi haibadiliki. Ukianza na 66 ukakuta 65, mmoja ametoroka: mtafute kabla hujaanza safu nyingine. Weka kipande cha uzi wa rangi kati ya ua na ua, nawe utajua katoroka kikosi gani.

Wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu hawautupi wavu kwa sababu ya jicho moja lililokatika. Hulitafuta wakalifunga kabla ya kurudi ziwani. Nasi tufanye vivyo hivyo nyumbani. Sufu ni fedha, na majuma matano ya mama ni mali kubwa zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.