Bata Anaposogea Hadi Magotini

Mchungaji wa Ringwani, wilayani Serengeti, anajua jambo ambalo mwindaji wa mjini mwenye bunduki hujifunza kwa taabu: bata mwitu haogopi sana umbo la mtu, huogopa mwendo wake. Mtu aliyeketi kimya kando ya maji, mgongo wake ukiegemea kichaka, huweza kuliona kundi zima likizunguka mara mbili tatu, likigeuka kuukabili upepo, likashusha miguu na kutua hatua chache mbele ya magoti yake. Macho ya bata yako pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote bila kugeuka. Mkono ukiinuka tu, amekwenda.

Lakini liko jambo jingine linalomshusha bata kwa haraka zaidi, nalo ni kuwaona wenzake wametulia. Wawindaji walilitambua hilo zamani sana. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock huko Nevada, Marekani, zilipatikana sanamu za bata zilizofumwa kwa matete, zenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Baadaye wawindaji wa nchi hiyo walitumia bata hai, waliofungwa kamba majini ili wawaite wenzao. Serikali yao iliipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1935, maana ndege walikuwa wakipungua mno.

Katika nchi za Ziwa Viktoria ndege anayeita si mgeni. Wajaluo wa upande wa Kenya humtega tombo, wamwitaye aluru, kwa kuwatundika wenzake katika vikapu juu ya mti mrefu. Waliomo vikapuni huita, wapitao hushuka, na chini nyasini kumetandazwa vitanzi. Huo ni ufundi wa wazee, unaodai subira na masikio mema. Tena mtegaji anaweza kumwachia asiyemhitaji.

Yaliyotokea Bunyala, magharibi ya Kenya, ni habari nyingine kabisa. Katika mashamba ya mpunga ya huko, watafiti waliofuatilia jambo hili tangu mwaka 2009 waliwakuta watu wakiweka korongo hai mashambani kama chambo. Huyu ni yule korongo ambaye mdomo wake hauzibani katikati, mlaji wa konokono. Wenzake walipomwona wakashuka bila hofu, wakakuta konokono waliokwisha kutiwa Furadan, dawa ya kuua wadudu wa mimea. Bata nao walitegewa nafaka yenye sumu hiyo hiyo. Ndege waliokufa hawakutupwa. Walichunwa, wakauzwa, wakaliwa na watoto wa watu! Mwaka huo huo wa 2009 kampuni iliyoitengeneza dawa hiyo ilitangaza kuiondoa katika soko la Kenya.

Hapa ndipo jambo linapoingia jikoni. Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali kwa anayewinda, tena inakataza sumu. Lakini mama anayeletewa bata mlangoni haoni kibali wala sumu, anaona kitoweo. Na atazame basi. Aliyepigwa risasi ana tundu, aliyenaswa ana alama ya kitanzi. Ndege asiye na jeraha lolote, aliyeokotwa amekufa majini au shambani, asiingie chunguni, hata akiwa mnono namna gani. Wapo wanaosema kwamba ukitoa matumbo upesi sumu imekwisha. Hiyo ni imani ya muuzaji. Sumu ya namna hii huingia katika damu, na moto wa kuni si dawa ya kuaminiwa.

Aliyekula nyama hiyo hutokwa jasho na mate mengi, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, pumzi hubana. Apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi, na mfupa au kipande kilichosalia kifungwe na kupelekwa pamoja naye, daktari akione. Mbwa asipewe.