Uvimbe wa ipofizi: labo inatafuta alama gani?



Nyuma ya pua, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya maharagi, jina lake ipofizi. Uzito wake haufiki gramu moja. Lakini ndiyo kapita wa tezi nyingine: inatuma maagizo katika damu, nayo tunayaita hormoni. Moja inakuza mifupa, ingine inaleta maziwa kwa mama aliyezaa, ingine inaamsha tezi zilizo juu ya figo.

Mara ingine uvimbe unaota katika huyo kapita. Watu wakisikia neno hilo wanasema mara moja: kansere. Hapana. Uvimbe wa ipofizi, karibu kila mara, si kansere. Hata hivyo unaharibu. Ukikuwa mkubwa unasukuma mishipa ya macho inayopita juu yake: mtu anaona vizuri mbele, lakini pembeni haoni. Kwa yule anayeendesha kamio ndani ya mine, hiyo ni hatari kubwa. Ao tena uvimbe unatoa hormoni kupita kipimo. Bibi asiye na mimba wala mtoto wa kunyonya anatoka maziwa, siku zake za mwezi zinakatika, na jamaa ya bwana inaanza kusema uchawi. Ao mwanaume anaona pete haiingie tena, kaske na viatu vya kazi vinamubana, taya inatokea mbele. Munganga Pierre Marie wa Ufaransa alieleza ugonjwa huo wa mikono na uso kukua katika mwaka 1886.

Kwa yule bibi wa maziwa, kipimo cha damu na picha ya kichwa vinatosha mara nyingi, na vidonge vinaweza kupunguza uvimbe bila kisu. (Amwambie munganga dawa zote anazomeza: dawa fulani za kutapika na za wagonjwa wa akili zinaleta maziwa vilevile.) Uvimbe wa namna nyingine, mara nyingi wanautoa kwa kupitia pua. Kipande kinapelekwa labo, na hapo ndipo watu wengi hawaelewi: kwa nini wangoje tena, wakati uvimbe umekwisha kutoka?

Ninyi mnajua kazi ya majiwe. Majiwe mawili yana rangi moja, lakini labo peke yake ndiyo inasema shaba ni kiasi gani na kobalti kiasi gani. Uvimbe ni vile vile. Chini ya mikroskopi aina nyingi zinafanana. Basi wanatia dawa inayoshika proteini moja tu. Mahali proteini ile iko, panakuwa na rangi ya kahawia.

Kwanza wanatafuta hormoni zenyewe. Kisha wanatafuta proteini tatu, PIT1, TPIT na SF1, zinazoonyesha seli ilitoka katika ukoo gani. Shirika la Afya Duniani linapanga uvimbe huu kwa koo hizo katika kitabu chake cha 2022. Faida yake ni hii: kuna uvimbe ulio kimya, damu haionyeshi kitu, lakini TPIT inapatikana katika kipande. Huo unarudi kwa urahisi kuliko ule wa SF1, na mgonjwa wake anastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Alama ingine ni Ki-67, inayopatikana katika seli zinazojigawanya. Ki ni mji wa Kiel, Ujerumani, alama ilipopatikana. Kazi yao ilitangazwa mwaka 1983. Wanahesabu: katika seli 100, ngapi zina rangi? Zikipita 3, wanganga wanakuwa macho, lakini namba hiyo peke yake haikate maneno.

Na kwa ule uvimbe unaokuza mikono, wanaweza kutafuta SSTR2. Hiyo ni kama mulango juu ya seli ambamo sindano ya kila mwezi inafanyia kazi. Milango ikiwa michache, sindano mara nyingi inasaidia kidogo.

Kipande kinawekwa ndani ya nta na kinaweza kukatwa na kupakwa rangi tena kisha miaka mingi. Kwa hiyo mutunze ile karatasi ya labo nyumbani, pamoja na namba ya kipande. Munganga mwingine, katika mji mwingine, ataiomba.