Alama ya Rangi ya Machungwa Juu ya Sanduku la Fataki

Mwaka mpya ukiingia, fataki hurushwa katika hoteli za ufukweni huko Malindi, nao wakubwa kwa wadogo hutoka nje kuzitazama. Kusini yake, Kilifi, ni nchi ya machimbo, na kazi ya machimbo haiko mbali na baruti. Fataki na baruti ni ndugu. Zikitoka ng'ambo kwa meli, mlango wake ni bandari ya Mombasa, kisha lori huzichukua kwa barabara ipitayo Mtwapa.

Je, dereva wa lori, mwenye ghala au mzima moto atajuaje ukali wa kitu kilichomo sandukuni, naye hakukitengeneza wala haimpasi kukifungua? Hutazama alama ya rangi ya machungwa yenye tarakimu. 1.1 maana yake shehena nzima yaweza kulipuka kwa mara moja, 1.3 ni moto mkali hasa, 1.4 ni hatari ndogo.

Alama hizo ni matunda ya ushirikiano wa mataifa. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa uliunda kamati ya wataalamu wa usafirishaji wa vitu vya hatari, na mwaka 1956 mapendekezo yao ya kwanza yakachapishwa. Wataalamu hukutana Geneva, na Kenya ni mmoja wa wanachama.

Jaribio lao kubwa ni la moto. Masanduku, vile vile kama yatakavyosafirishwa, hupangwa juu ya wavu wa chuma, na chini yake huwashwa moto wa kudumu nusu saa au zaidi. Mabati ya alumini husimamishwa pande 3, umbali wa mita 4, yawe mashahidi. Wapimaji hukaa mbali wakiangalia: je, yote yamelipuka pamoja, au moja moja? Vipande vimetoboa bati?

Alama ikisema uongo, watu hufa. Mnamo tarehe 13 Mei 2000, huko Enschede, Uholanzi, ghala la fataki lililokuwa katikati ya nyumba za watu lililipuka. Watu 23 walikufa, wanne kati yao wazima moto, na wapatao 950 waliumizwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa fataki nyingi ziliandikwa daraja hafifu kuliko ukali wake wa kweli. Baadaye mataifa yalikubaliana juu ya orodha ya fataki zisizopimwa: kombora la fataki lenye upana wa milimita 180 au zaidi huhesabiwa 1.1.

Hapo pana jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui. Tarakimu ile si ya fataki peke yake, bali ni ya fataki pamoja na sanduku lake. Azitoaye na kuzirundika katika gunia au kabati la duka amelifuta jaribio lote, na alama haimlindi tena. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, ziacheni katika sanduku lake, mbali na jiko na vitanda vya watoto. Ulizeni kibali cha serikali kabla ya kununua. Na fataki iliyokataa kulipuka isiokotwe.

Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hapa mataifa yameunganisha vinga ili moto uwake uwanjani kwa wapimaji, usije ukawaka majumbani mwetu.