Shilingi ya Kenya na ya Tanzania: pengo lilivyozaliwa

Januari 2024, shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 16 za Tanzania. Kufikia Julai ilikuwa imevuka 20. Tuseme mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, amekubaliana na mnunuzi kutoka Nairobi gunia kwa shilingi 4,000 za Kenya. Januari angepeleka nyumbani kama 63,000 za Tanzania. Julai, kwa bei ileile, zaidi ya 80,000. Gunia ni lilelile na mnunuzi ni yuleyule, ila ghafla biashara imenona. Aliyekuwa akiagiza sabuni na mafuta ya kupikia kutoka Kenya alikiona kioja hicho kwa upande wa pili: mzigo ulipanda bei kabla haujafika mpaka wa Namanga.

Wanaozichenji leo ni nadra kukumbuka kwamba shilingi hizi zilitoka tumbo moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kuendeshwa kutoka London, ilitoa shilingi moja iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, 20 kwa pauni ya Uingereza. Ilipoamuliwa kuivunja bodi, kila nchi ikafungua benki kuu yake. Ya Tanzania ilianza kazi Juni 1966, na Kenya ikatoa noti zake Septemba mwaka huo. Thamani haikubadilika: moja kwa moja, na dola ya Marekani kwa shilingi 7.14. Pauni iliposhushwa Novemba 1967, nchi zote tatu zilikataa kuifuata.

Usawa huo ulidumu kuliko hata Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Jumuiya ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, lakini kwenye vitabu vya benki shilingi hizo mbili ziliendelea kukaribiana. Kuna wakati ya Tanzania ilikuwa juu: mwishoni mwa 1982 dola iliuzwa rasmi kwa chini ya shilingi 10 Dar es Salaam, na kwa zaidi ya 12 Nairobi, kwa kuwa Kenya ilikuwa imeanza kushusha thamani ya sarafu yake mapema.

Hiyo ilikuwa nguvu ya karatasi. Madukani Tanzania sabuni, sukari na dawa ya meno vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi, na dola ya mlango wa nyuma iliuzwa mara kadhaa ya bei ya serikali. Kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliwakamata walanguzi wengi bila kuiondoa sababu ya ulanguzi. Mwalimu Nyerere alilikataa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa la kushusha thamani kwa kiasi kikubwa. Makubaliano yalikuja 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi.

Hapo ndipo pengo lilipofunguka. Dola iliyokuwa shilingi 17 hivi mwaka 1985 ilivuka 50 mwishoni mwa 1986, na kufika karibu 195 mwaka 1990. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 ikaruhusu maduka ya kubadilishia fedha, na mwishoni mwa 1994 dola ilikuwa zaidi ya 500. Kenya ilipata tufani yake 1993, baada ya uchapishaji wa fedha wa wakati wa uchaguzi na kashfa ya Goldenberg: dola ilipanda hadi karibu shilingi 68, kisha ikarudi chini ya 50 mwaka uliofuata.

Ukizipima sarafu hizi mbili, picha ni hii: mwaka 1985 zilikuwa karibu sawa, mwishoni mwa 1994 shilingi ya Kenya ilinunua zaidi ya 11 za Tanzania. Kazi hiyo ilifanyika kwa chini ya miaka 10. Miaka 30 iliyofuata, pengo halikuzidi sana mara mbili ya hapo.

Kinachoamua ni dola. Kwa kawaida benki huchukua bei ya dola Dar es Salaam na kuigawa kwa bei ya dola Nairobi. Ndiyo maana Februari 2024, Kenya ilipokopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la kimataifa ili kulipa sehemu ya deni lililokuwa likiiva Juni, hofu ikatulia, dola ikashuka kutoka karibu shilingi 160 za Kenya hadi 130, na muuza vitunguu wa Karatu akaguswa bila kujua mkopo huo ulisainiwa wapi.

Mpakani kuna gharama nyingine. Mbadilishaji akinunua shilingi ya Kenya kwa 19.5 na kuiuza kwa 20.5, kila 100,000 za Kenya zinazopita mkononi mwake humwachia 100,000 za Tanzania. Tangu 2015 mtu anaweza kutuma M-Pesa kati ya nchi hizi mbili, na benki nazo zina njia zao, ila mfanyabiashara mdogo wa Namanga, Holili au Sirari bado hupenda noti mkononi.

Itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa Kampala mwaka 2013 ikilenga sarafu moja ifikapo 2024. Tarehe imesogezwa hadi 2031. Mpaka siku hiyo ifike, mfanyabiashara asihangaishwe na ukubwa wa namba: 20 kwa moja si dalili ya umaskini, na nguvu ya 1982 haikuwa dalili ya utajiri. Kinachoumiza ni kuyumba. Anayeuza kwa mkopo kuvuka mpaka aandike bei kwa sarafu atakayolipia gharama zake, na akubaliane na mwenzake mapema nani atabeba hasara kiwango kikibadilika kabla ya malipo.