Kalsiamu Isiyopanda Hadi Magnesiamu Irudi

Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ya takriban kilo 1, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Magnesiamu ni chache mno, gramu 25 hivi. Kiasi kidogo cha madini haya mawili kilichomo katika damu na seli ndicho kinachoendesha misuli, neva na mapigo ya moyo.

Kalsiamu ya damu hulindwa na tezi 4 ndogo za parathiroidi, zilizo shingoni. Ikishuka, tezi hizo hutoa homoni inayochota kalsiamu mifupani, kuzifanya figo zisiipoteze kwenye mkojo, na kuiamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi kutoka kwenye chakula.

Mpango huo wote huitegemea magnesiamu. Ikipungua sana, tezi hazitoi homoni ya kutosha, na hata hiyo kidogo inayotoka, mifupa na figo haziiitikii ipasavyo. Matokeo yake kalsiamu hushuka: midomo na vidole hufa ganzi, misuli hukakamaa, na hali ikizidi mgonjwa hupata degedege. Kumpa kalsiamu peke yake ni kazi bure, kwani itapanda kidogo na kushuka tena mpaka magnesiamu irudishwe. Kwa hiyo kalsiamu ikigoma kupanda, magnesiamu nayo ipimwe, hasa kwa aliyeharisha muda mrefu, mlevi wa pombe, au anayetumia dawa za kuongeza mkojo au omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa miaka. Upande wa pili, kalsiamu ikizidi katika damu, figo huipoteza magnesiamu kwenye mkojo.

Katika misuli, madini haya hupingana. Kalsiamu ikiingia kwenye seli, msuli hukaza. Magnesiamu huizuia, na msuli hulegea. Hilo huonekana wazi katika wodi ya wazazi, ambako magnesiamu salfeti hutumika dhidi ya kifafa cha mimba. Utafiti wa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wajawazito zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa takriban nusu. Lakini ikizidi, hulegeza hata misuli ya kupumulia. Kabla ya kila dozi, muuguzi huhesabu pumzi, hupima mkojo na hugonga goti la mama kuona kama mguu bado unaruka. Usiporuka, dawa husimamishwa. Pumzi ikififia, mama huchomwa kalsiamu glukoneti kwenye mshipa.