Jokofu la Jikoni na Insulini ya Mgonjwa: Kulichagua na Kuishi Nalo

Mgonjwa wa kisukari anapoanzishiwa insulini huambiwa aihifadhi kwenye jokofu. Agizo hilo ni sahihi, ila ni fupi mno. Haelezwi ni jokofu la aina gani, aiweke kwenye rafu ipi, wala afanye nini umeme ukikatika. Kwa familia nyingi jokofu ni mojawapo ya vifaa vya bei kubwa kuliko vyote vilivyomo nyumbani. Hununuliwa mara moja kwa miaka mingi, na aghalabu huchaguliwa kwa rangi, ukubwa na mng'aro wa mlango. Makala hii inalitazama kwa jicho la mfamasia, yaani kama ghala dogo la dawa ambalo pia linahifadhi nyama, maziwa na viporo.

Tuanze na dawa yenyewe. Insulini ni protini, na kichupa au kalamu ambayo bado haijafunguliwa huhifadhiwe katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Watu wengi huogopa joto, na wana haki ya kuliogopa, lakini joto la kawaida la chumba huipunguza insulini nguvu polepole, kwa majuma. Kuganda huiharibu kwa usiku mmoja, na dawa iliyoganda hairudi katika hali yake hata ikiyeyuka. Insulini ya maziwamaziwa, ile ambayo mgonjwa hutakiwa kuiviringisha viganjani kabla ya kuivuta, ikiwahi kuganda huweza kuonesha mabonge au chembe zilizonata kwenye kioo. Insulini iliyo angavu kama maji ni ya hatari zaidi, kwa sababu yaweza kuganda usiku, ikayeyuka asubuhi, na isioneshe alama yoyote.

Yanayofuata wahudumu wa kliniki wanayafahamu, ingawa si kila mara wanayahusisha na jokofu. Mgonjwa anaendelea kujidunga kipimo kilekile, sukari inapanda, naye anatuhumiwa kwamba hafuati masharti ya chakula. Daktari anaongeza dozi. Mwezi unaofuata mgonjwa anafungua kichupa kipya, kilichokuwa mahali pema, na dozi ile kubwa inaishusha sukari yake hadi anatetemeka, anatoka jasho, pengine anapoteza fahamu. Si tatizo la nchi maskini tu. Utafiti uliowasilishwa Berlin mwaka 2018, uliotumia vipima joto vidogo vilivyowekwa karibu na dawa za wagonjwa, ulionesha kwamba insulini iliyohifadhiwa kwenye majokofu ya nyumbani ilikuwa nje ya kiwango kinachotakiwa kwa wastani wa asilimia 11 ya muda, yaani zaidi ya saa mbili na nusu kila siku.

Kwa nini jokofu ligandishe dawa ilhali halikununuliwa kuwa friza? Jibu liko katika muundo wake. Jokofu dogo la mlango mmoja, lenye kijichumba cha barafu juu, hupoza kwa ukuta wake wa nyuma na kwa kijichumba hicho. Chupa iliyogusa ukuta huo, au iliyowekwa chini tu ya barafu, huweza kuwa chini ya nyuzi 0 wakati maji yaliyo mlangoni yana nyuzi 10. Majokofu yanayoyeyusha barafu yenyewe hutumia feni inayosambaza hewa baridi, hivyo tofauti ya joto baina ya rafu na rafu ni ndogo, lakini mbele ya tundu la kutolea hewa dawa yaweza kuganda vilevile. Kwa nyumba yenye mtumiaji wa insulini, maoni yangu ni kwamba jokofu la milango miwili, friza ikiwa na mlango wake, ndilo bora pale fedha inaporuhusu. Asiyeweza kulimudu asisononeke: la mlango mmoja linatosha kabisa kwa mtu anayejua mahali pa kuweka dawa.

Kuna herufi moja ambayo wauzaji hawaitaji na wanunuzi hawaiulizi. Kwenye kibandiko kilicho ndani ya jokofu, karibu na namba zake za utambulisho, huandikwa daraja la hali ya hewa. N maana yake jokofu limetengenezwa kufanya kazi mahali ambapo joto halizidi nyuzi 32, ST ni nyuzi 38, na T ni nyuzi 43. Jiko la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, jiko la mkaa likiwaka pembeni, hupita nyuzi 32 bila shida. Jokofu la daraja N litahangaika mchana kutwa, litakula umeme, na bado maziwa yatachacha. Kwa ukanda wa Pwani tafuta T.

Kuhusu umeme, kibandiko cha matumizi hutaja kilowati-saa kwa mwaka. Gawanya kwa 365, utapata uniti za LUKU kwa siku. Jokofu lililoandikwa 300, kwa mfano, hutumia takriban uniti 0.8 kwa siku katika vipimo vya maabara, na zaidi ya hapo katika jiko lenye joto.

Wanaonunua majokofu yaliyotumika wana mengine ya kuchunguza. Bana karatasi kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umechoka na baridi itavuja. Soma volti: jokofu lililotoka Japani laweza kuwa la volti 100, na hapa nyumbani tunatumia 230. Waulize pia aina ya gesi. Majokofu ya kale kabisa yalitumia gesi ya R12, mojawapo ya zile zilizoanza kuondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa zinaharibu tabaka la ozoni, na jokofu la aina hiyo likivuja utatafuta gesi bila kuipata. Mengi ya sasa hutumia R600a, ambayo haidhuru ozoni lakini inashika moto. Fundi asichomelee bomba lake kabla gesi haijatolewa na hewa kupita.

Jokofu jipya likifika nyumbani lisimamishwe wima, na kama lililazwa garini liachwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Liache nafasi nyuma na pembeni kwa ajili ya kutoa joto, lipangwe mbali na jua na jiko. Chomeka kupitia kifaa cha kinga ambacho madukani huitwa friji gadi. Kifaa hiki hukata umeme ukiwa mdogo au mkubwa kupita kiasi, na ukirudi husubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu, hivyo kuinusuru kompresa.

Kisha pima. Namba 1 hadi 7 zilizo kwenye kitufe cha ndani si nyuzijoto. Katika majokofu mengi namba ikiwa kubwa, baridi huzidi. Nunua kipima joto cha bei nafuu, kitumbukize katika glasi ya maji, weka glasi kwenye rafu ya kati, usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Lengo liwe nyuzi 4 au karibu yake, kiwango kinachofaa chakula na insulini pia. Rudia zoezi hilo msimu wa joto na msimu wa baridi, maana kitufe kilichofaa Februari huweza kugandisha dawa Julai, hasa Iringa au Njombe.

Insulini ikae katika kopo la plastiki lenye mfuniko, rafu ya kati, upande wa mbele, mbali na ukuta wa nyuma. Kichupa kinachotumika si lazima kirudi humo kila siku. Aina nyingi hustahimili joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 au 30, kama karatasi ya maelezo inavyosema, kwa muda wa wiki nne hivi, na insulini isiyo ya baridi haiumi sana inapodungwa. Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, ambako joto la ndani lilipanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyokaa katika hali hiyo kwa wiki nne ilikuwa na nguvu sawa na iliyohifadhiwa baridini. Asiye na jokofu, basi, hajakatiwa tamaa. Mtungi wa udongo wenye unyevu humsaidia, na humsaidia zaidi Dodoma penye hewa kavu kuliko Pwani.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Jokofu lililofungwa huhifadhi baridi kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa kwa siku mbili, iliyojaa nusu kwa siku moja, ingawa katika jiko lenye joto la Pwani muda huo hupungua. Usikimbilie kuizika insulini ndani ya barafu. Chakula ndicho cha kuharakishia: nyama mbichi, samaki na maziwa.

Viporo navyo viingie ndani ya saa mbili baada ya kupikwa, vikiwa vimegawanywa katika vyombo vifupi ili vipoe upesi. Wali ulioachwa sufuriani usiku kucha huotesha bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto. Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa isije ikadondokea vyakula vingine. Wajawazito wakumbuke kwamba bakteria wa listeria huendelea kukua hata baridini, kwa hiyo kiporo cha siku nyingi kipashwe hadi kichemke au kitupwe. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa siku nne, nyuma ya rafu badala ya mlangoni.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, jokofu la chanjo lisiwekwe soda wala chakula cha mchana cha mtu yeyote. Kila mlango unapofunguliwa kwa ajili ya chupa ya maji, chanjo hupata joto. Na mgonjwa ambaye sukari yake imepanda bila sababu mwambieni alete kichupa chake, na picha ya ndani ya jokofu lake aliyoipiga kwa simu, kabla hamjaongeza dozi. Kichupa kinachotiliwa shaka kibadilishwe kwanza. Kama dozi ilikwisha kuongezwa wakati wa kutumia dawa hiyo, kichupa kipya kisifunguliwe kabla mgonjwa hajazungumza na kliniki kuhusu kipimo cha kuanzia, na siku za mwanzo apime sukari mara nyingi zaidi, hata usiku.