Jina la Chipu Mpya: Nomino ya Pekee, Istilahi na Ukoo wa Maneno

1. Utangulizi

Mijadala yetu mintarafu ya istilahi za sayansi imeongozwa kwa muda mrefu na swali moja: kitu hiki kilichotoka ugenini tukiiteje? Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa upande wake wa pili, yaani upande wa yule anayekipa kitu jina kwa mara ya kwanza, kabla hakijawa na jina katika lugha yoyote. Mfano tutakaoutumia ni maikrokontrola. Kwa maneno machache, hii ni kompyuta nzima iliyomo ndani ya chipu moja: ina kichakataji, kumbukumbu, na milango ya kuingizia na kutolea ishara. Ndiyo inayoendesha mashine ya kufulia nguo, mita ya umeme na vifaa vingine visivyo na idadi.

Suala hili si la watu wa mbali. Huko Nyeri, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kumekwisha kuanzishwa kampuni ya kushughulikia semikondakta. Na mwezi wa Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza nia ya kushirikiana na Kenya katika taaluma hiyo hiyo. Yamkini basi siku moja mhandisi wa hapa nchini atabisha mlango wa idara ya lugha akiomba jina. Tusipokuwa na la kumwambia ila orodha ya maneno matano yaliyookotwa kamusini, atakuwa na haki ya kwenda zake na kuiita chipu yake kwa nambari.

Hoja yetu ni kwamba jina jema la kifaa cha namna hii halipimwi kwa uzuri wake peke yake, bali kwa ukoo linaouacha nyuma yake.

2. Jina na istilahi

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Istilahi hutaja aina ya vitu. Nomino ya pekee hutaja kitu kimoja, au zao la mtengenezaji mmoja. Kiswahili kina njia yake ya kuonyesha tofauti hii, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Katika Ziwa Victoria imo meli iitwayo Uhuru. Msemaji akisema "Uhuru imefika", tunajua ya kwamba anazungumzia meli. Akisema "uhuru umefika", anazungumzia jambo lililotokea mwaka 1963. Umbo la neno ni lile lile, lakini nomino ya pekee imeacha ngeli yake ya asili na kufuata ngeli ya kitu kinachotajwa.

Ndivyo itakavyokuwa kwa chipu. Tuseme imepewa jina la Kimondo. Maadamu watu wanasema "Kimondo imeungua", jina lingali ni jina. Siku watakapoanza kusema "vimondo vyote vya namna hii huungua", wakiwa na maana ya chipu za watengenezaji mbalimbali, jina litakuwa limegeuka istilahi, na mwenye nalo atakuwa amelipoteza.

Kupotea huko si jambo la kubuni. Kampuni ya Intel ilizoea kuzipa chipu zake nambari: 8086 mwaka 1978, 80286 mwaka 1982, 80386 mwaka 1985 na 80486 mwaka 1989. Washindani wake wakawa wanauza chipu zao kwa nambari zizo hizo. Mwaka 1991 mahakama ya Marekani iliamua kwamba "386" limekwisha kuwa jina la kawaida la aina ya bidhaa, wala si alama ya kampuni moja. Ndiyo sababu chipu iliyofuata, iliyoingia sokoni mwaka 1993, haikuitwa 80586 bali Pentium.

3. Njia nne za kutoa jina

Tukichunguza historia fupi ya chipu hizi, twaweza kutofautisha njia nne.

Ya kwanza ni nambari ya ukoo. Mwaka 1971 Intel ilitoa maikroprosesa iitwayo 4004. Nambari hiyo haikuchaguliwa kwa bahati: chipu nne zilitengenezwa zifanye kazi pamoja, zikaitwa 4001, 4002, 4003 na 4004, hata mtu asiyejua lolote juu ya umeme akatambua kwamba hao ni ndugu. Mfano wa karibu zaidi ni RP2040, maikrokontrola iliyotolewa na Raspberry Pi mwaka 2021. Hapa kila tarakimu ina maana yake: 2 ni idadi ya viini, 0 ni aina ya kiini, 4 yatokana na ukubwa wa kumbukumbu, kwani kilobaiti 264 zikigawanywa kwa 16 hupatikana 16 na ziada, na 16 ni 2 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara nne, 0 ya mwisho yaonyesha kwamba chipu haina kumbukumbu ya kudumu ndani yake. Ndugu yake wa mwaka 2024, mwenye kilobaiti 520, aliitwa RP2350 kwa kanuni hiyo hiyo. Mwanaisimu ataona kwamba hii ni mofolojia kamili: kila kiungo kina nafasi yake na maana yake, kama viambishi vya kitenzi chetu.

Ya pili ni akronimu. Jina PIC, lililotolewa na kampuni ya General Instrument katika miaka ya 1970, lilifupisha maneno yenye maana ya kidhibiti cha kuunganisha vifaa vya pembeni. Leo wengi hulitamka pasi na kujua hivyo, na kazi ya chipu hizo imekwisha kupita mipaka ya maneno yale. Akronimu husahau asili yake upesi.

Ya tatu ni neno la kubuni. Pentium yatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tano, likaongezewa mwisho unaofanana na wa majina ya elementi za kikemia. Neno lilipendeza, likaenea. Hata hivyo lilikuwa na kasoro ambayo mtoaji jina hana budi kuiangalia: tano haizai sita. Watengenezaji walijikuta wakiita vizazi vilivyofuata Pentium II mwaka 1997, Pentium III mwaka 1999 na Pentium 4 mwaka 2000. Yaani ya tano ya pili, ya tano ya tatu, ya tano ya nne. Jina lilikuwa limejifunga uzazi lenyewe.

Ya nne ni sitiari, na mfano ulio bora ni Propeller, maikrokontrola ya kampuni ya Parallax iliyotolewa mwaka 2006. Jina hilo maana yake ni rafadha. Chipu ina vichakataji vinane, na kila kimoja kiliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya jino la gurudumu. Sehemu ya kati inayovigawia zamu ya kuifikia kumbukumbu ya pamoja iliitwa kitovu cha gurudumu, na lugha ya kuiandikia programu ikaitwa Spin, yaani kuzunguka. Hapa jina moja limezaa msamiati mzima, na kila neno lamsaidia mwanafunzi kulifahamu lingine.

4. Ushahidi wa Kiswahili

Je, kanuni hii ya ukoo ina nguvu katika lugha yetu? Tuchukue maneno matatu yaliyoshindania kutaja kompyuta. Ngamizi halikudumu. Lilisimama peke yake bila ya ndugu, na zaidi ya hayo sauti yake ilikaribiana mno na kitenzi angamiza. Kompyuta limedumu, nalo huzaa kwa njia ya kirai, kama katika kompyuta mpakato. Tarakilishi, lenye kuunganisha tarakimu na akili, lililaumiwa kwa kuwa limelazimishwa. Lakini katika Kenya limeishi, na ishara ya uhai wake ni kwamba mkia wake umehamia kwingine na kutupatia kipakatalishi. Neno linapoanza kutoa viungo vyake vitumike kuundia maneno mengine, ubishi juu ya kufaa kwake huwa umekwisha kuamuliwa na wasemaji.

Kwa istilahi ya aina, yaani maikrokontrola kwa jumla, twaona kwamba kidhibiti kingetosha kuwa shina, kikaongezewa kirai pale panapohitajika. Kiambishi ki- hutaja ala, kama katika kikokotoo na kizibo, na papo hapo hubeba dhana ya udogo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo Kidhibiti halifai kuwa nomino ya pekee ya chipu moja. Neno linaloeleza aina nzima haliwezi kumilikiwa na mmoja, kama kisa cha 386 kilivyoonyesha.

5. Jaribio la kutoa jina

Tuseme basi tumeombwa jina la maikrokontrola mpya. Sitiari ya chombo cha baharini yatufaa kwa sababu mbili. Kwanza, lugha yetu ina utajiri wa msamiati huo kuliko nyingi nyingine. Pili, dhana yenyewe ya udhibiti ina uhusiano wa kale na usukani: jina alilolichagua Norbert Wiener mwaka 1948 kwa taaluma ya udhibiti na mawasiliano lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani.

Chukua Rubani. Neno ni fupi, silabi zake ni wazi, na mgeni hulitamka bila taabu. Ukoo wake u tayari: sehemu ya kugawia muda ikaitwa zamu, data ikaitwa shehena, na milango ikaitwa bandari. Hili la mwisho latufunza jambo. Kiingereza hutumia umbo moja kwa bandari na kwa tundu la kupitishia ishara, na mfasiri asiye makini akiandika bandari katika kitabu cha kawaida cha umeme atakuwa amepotoka. Ndani ya ukoo wa Rubani neno hilo hilo lina makao yake. Sitiari ndiyo inayolihalalisha, na nje yake ni kosa.

Sisemi kwamba Rubani ndilo jina. Nasema kwamba linaweza kujaribiwa, na majaribio ni manne. Je, likitiwa katika sentensi, latofautika na nomino ya kawaida, hata "Rubani imewaka" isichanganywe na "rubani amewaka"? Je, kizazi cha pili na cha tatu vitaitwaje? Je, sehemu za ndani zapata majina kutoka shina lile lile? Na je, jina laacha istilahi ya aina huru kwa matumizi ya watu wote?

6. Hitimisho

Kamati zetu zimezoea kupokea orodha ya maneno na kurudisha orodha ya maneno, kila moja kwa kisawe chake. Njia hiyo yaweza kutoa maneno sahihi mia moja yasiyojuana, na mwanafunzi akayakariri yote bila ya moja kumwelekeza kwenye jingine. Wahandisi wa chipu, ambao hawakusomea isimu, wamegundua kwa haja ya kazi yao kwamba jina la kwanza ndilo linaloamua kama la kumi litapatikana kwa urahisi au kwa taabu. Inafaa nasi, ambao kazi yetu ni lugha, tuanze kuuliza swali hilo mapema: kabla ya kulipitisha neno, tuandike kwanza majina ya watoto wake.